Vijana na hospitali isiyochafua mazingira: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Mimi ni afisa afya. Maswali haya ndiyo ninayoulizwa kila ninapokaa na vijana, iwe kwenye ukumbi wa kata, chuoni au kwenye benchi la zahanati. Nimeanza na ya msingi, kisha yanafuata yale yanayotutoa jasho. Mifano mingi ni ya Tanzania, ila msomaji wa Kenya au Uganda ataona mengi ya kwao humu.

## Tuanzie hapa

Hospitali inachafuaje mazingira wakati kazi yake ni kuponya?

Hospitali hailali. Usiku kucha kuna taa, friji za chanjo, mashine za oksijeni, na jenereta umeme ukikatika. Mashuka yanafuliwa, chakula kinapikwa, gari la wagonjwa linatoka na kurudi. Halafu kuna vitu vinavyotumika mara moja na kutupwa: glavu, mabomba ya sindano, mirija ya dripu, vifungashio. Makadirio yaliyotolewa mwaka 2019 na shirika la Health Care Without Harm pamoja na kampuni ya Arup yalionyesha kuwa sekta ya afya duniani inatoa takribani asilimia 4.4 ya gesi joto zote, zile zinazoongeza joto la dunia. Ingekuwa nchi, ingeshika nafasi ya tano kwa uchafuzi. Sehemu kubwa ya gesi hizo haitoki kwenye majengo ya hospitali, inatokana na kutengeneza na kusafirisha dawa na vifaa.

Kwetu uchafu unaoonekana uko karibu zaidi. Ni moshi wa shimo la taka nyuma ya wodi, na maji ya maabara yanayotiririka kuelekea bondeni.

Nchi zetu zinachangia kidogo sana joto la dunia. Kwa nini tujisumbue?

Hoja ni ya kweli. Afrika nzima inatoa takribani asilimia 4 ya hewa ya ukaa duniani, na wenye deni kubwa wanajulikana. Uingereza imeanza kulipa lake: mwaka 2020 huduma ya afya ya taifa ya huko, NHS ya England, iliahidi kuwa ifikapo 2040 uzalishaji wake wa moja kwa moja wa gesi joto utakuwa umefikia sifuri halisi, yaani kitakachobaki kitafidiwa.

Sababu zetu ni nyingine, na ziko mlangoni. Moshi wa plastiki unavutwa na mama aliyejifungua jana na kichanga chake. Dizeli ya jenereta inakula pesa ambazo zingenunua dawa. Na mvua zilizoharibika haziulizi nani alichafua: mwaka 2024 bonde la Rufiji lilifunikwa na maji mwezi Aprili, na mapema Mei kimbunga Hidaya kikapiga pwani yetu. Kituo kinachookoa umeme, kinachovuna maji ya mvua na kudhibiti taka zake kinahimili siku kama hizo (angalia swali la mafuriko huko chini).

Kwa nini vijana hasa?

Kwa sababu tayari wamo ndani, ila hawaulizwi. Ukiingia hospitali asubuhi, anayedeki korido ni kijana wa kibarua. Anayesukuma toroli la taka ni kijana. Wanafunzi wa uuguzi walio kwenye mafunzo kwa vitendo ni vijana, na wengi wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, ambao Tanzania ilizindua mpango wa kuwapata zaidi ya 137,000 mwanzoni mwa 2024, nao ni vijana. Hawa wanajua ndoo ipi hujaa kabla ya saa nne na bomba lipi linavuja. Mikutano ya mipango inafanyika bila wao, kisha wanaitwa siku ya uzinduzi wavae fulana.

Nikiulizwa vijana wapewe nini, jibu langu miaka yote ni vitu viwili: mizani, na kiti kwenye kamati.

Si tupande miti tu?

Pandeni, kivuli cha mwarobaini mbele ya zahanati ni raha kwa wanaosubiri. Lakini nimehudhuria shughuli ambapo miche ilipandwa mbele huku nyuma ya jengo mirija ya dripu inafuka moshi, na hakuna aliyezunguka kwenda kuangalia. Anzeni nyuma ya jengo.

## Mtu anaingia kwa mlango gani

Sijasomea afya. Naruhusiwa?

Ndiyo. Fundi umeme, mtunza hesabu, mshonaji, mwalimu, dereva wa bodaboda, wote wana kazi. Kisichoruhusiwa ni kugusa mgonjwa, kusoma kumbukumbu zake, au kushika taka hatarishi (angalia swali la usalama).

Nimwone nani kwanza?

Kwa zahanati na kituo cha afya, muone mganga mfawidhi. Nenda na barua fupi, majina ya wenzako, na jambo moja mnalotaka kufanya. Usiende na mambo kumi. Yeye atawakutanisha na afisa afya na msimamizi wa kamati ya kukinga na kudhibiti maambukizi, maana masuala ya taka yako kwao. Kwenye hospitali kubwa utaanzia kwa mganga mfawidhi vilevile, ila safari itakuwa ndefu.

Pia ulizia kamati ya usimamizi ya kituo, ambayo ina wawakilishi wa wananchi. Vijana wachache wanajua kwamba ipo. Hudhuria mkutano wa kijiji au mtaa nafasi zikitangazwa, uombe.

Mimi ni mwanafunzi wa udaktari. Naanzia wapi?

Anzia kwenye mtaala wenu. Mwaka 2019 wanafunzi wa udaktari wa Chuo Kikuu cha California, San Francisco, walitengeneza kadi ya alama ya kupima chuo chao: kinafundisha nini kuhusu mazingira na afya, kinatafiti nini, kinashirikianaje na jamii, kinawasaidiaje wanafunzi wenye miradi, na majengo yake yanaendeshwaje. Kadi hiyo, Planetary Health Report Card, sasa inatumika katika vyuo vya nchi nyingi, na wanaoijaza ni wanafunzi wenyewe. Vyama vya wanafunzi wa udaktari kama TAMSA kwa Tanzania na MSAKE kwa Kenya vinaweza kuibeba kazi hiyo bila kusubiri bajeti ya chuo.

Walio chini ya miaka 18 je?

Klabu za shule zifanye kazi za nje ya wodi: kuvuna maji ya mvua, bustani, mabango, kuelimisha nyumbani kuhusu dawa zilizopitwa na muda. Mwalimu awepo na mzazi aridhie kwa maandishi. Kwenye taka, hapana.

## Taka

Rangi za ndoo zina maana gani?

Kwa kawaida nyeusi (au bluu mahali pengine) ni ya taka za kawaida, kama karatasi, maganda na chupa za maji. Njano ni ya taka zenye maambukizi, kama pamba na bandeji zenye damu. Nyekundu ni ya zile hatari zaidi, kama viungo na sampuli za maabara. Sindano na vyembe huingia kwenye sefti boksi, boksi gumu la vitu vyenye ncha kali, ambalo hufungwa likijaa robo tatu, halishindiliwi. Soma bango la ukutani la kituo husika kabla ya kumfundisha mtu mwingine.

Tuanze na kazi gani?

Kupima. Shirika la Afya Duniani linasema takribani asilimia 85 ya taka za hospitali ni za kawaida kama za nyumbani, na ni karibu 15 tu zilizo hatarishi. Mifuko ya njano ikiwa ndiyo mizito kuliko yote kituoni kwenu, basi taka zinachanganywa, na kituo kinachoma vitu visivyostahili kuchomwa.

Kazi yenyewe ni hivi. Mnaning'iniza mizani ya saa, ile inayofanana na ya kupimia watoto kliniki (yenu iwe ya taka peke yake, milele), kwenye boriti karibu na chumba cha kuhifadhia taka. Mbeba taka aliyevaa buti na glavu nzito ndiye anayening'iniza mfuko. Kijana anasimama hatua mbili nyuma na daftari, anaandika tarehe, wodi, rangi na uzito. Fanyeni hivyo wiki mbili mfululizo, Jumapili ikiwemo, kisha mkae na manesi msome pamoja yaliyoandikwa.

Kwenye kituo kimoja mfuko wa njano kutoka leba ulikuwa unazidi ya wodi nyingine zote kila siku. Tulidhani ni damu na pamba. Siku moja mfuko ulining'inia ukiwa umegeukia juani, na ndani yake nikaona chupa tatu za maji, boksi la majani ya chai na maganda ya ndizi. Nesi wa zamu hakuwa mzembe. Tulipoingia tukakuta ndoo nyeusi iko nje ya mlango, kwenye korido, na ndani kuna ya njano peke yake. Mama akimaliza chai yake atatupa wapi? Ndoo ikaingizwa ndani, ikawekwa karibu na kitanda. Hakukuwa na semina wala posho. Daftari ndilo lilitupeleka hadi mlangoni pale.

Naweza kushika taka za hospitali mwenyewe?

Hapana, isipokuwa umeajiriwa kwa kazi hiyo, umefundishwa na umekingwa. Kukingwa ni pamoja na chanjo ya homa ya ini B, ambayo ni dozi tatu (ya pili mwezi mmoja baada ya ya kwanza, ya tatu miezi sita baada ya ya kwanza), chanjo ya pepopunda, buti, aproni na glavu nzito. Mbeba taka wa kituo chenu akikosa hivyo, kumdaia ndiyo iwe kampeni yenu ya kwanza, kabla ya nyingine yoyote.

Mtu akichomwa na sindano aoshe kwa maji na sabuni bila kukamua jeraha, kisha atoe taarifa palepale. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zianze mapema iwezekanavyo, na zisipite saa 72. Asione aibu, asisubiri kesho.

Tumekuta wanachoma taka. Tuwazuie?

Msiwazuie kabla ya kujua wataipeleka wapi. Sindano iliyochomwa vibaya ni mbaya. Iliyotupwa jalalani watoto wakaichezea ni mbaya zaidi.

Tatizo la kuchoma ni hili: plastiki yenye klorini, kama PVC iliyomo kwenye baadhi ya mirija na mifuko, ikiungua kwa moto hafifu hutoa dioksini, sumu inayokaa kwenye udongo, maziwa na mayai kwa miaka. Ndiyo maana Mkataba wa Stockholm wa 2001 unazitaka nchi zipunguze uchomaji wa namna hiyo. Shimo la wazi ndilo baya kuliko yote. Tanuri la matofali la aina ya De Montfort ni afadhali, mradi lipashwe moto kwa kuni kavu kabla ya kutiwa taka, na moto usishuke. Moshi mweusi ni dalili kuwa taka ni mbichi au moto umepoa. Humo visitiwe betri, vichupa vya kioo wala makopo ya kupuliza.

Njia safi zaidi ni otoklevu, mtungi wa mvuke wenye shinikizo unaoua vijidudu kwa nyuzi 121 za Selsiasi au zaidi, kisha taka husagwa na kuzikwa kama taka za kawaida. Tanzania, pamoja na Ghana, Madagascar na Zambia, iliingia kwenye mradi wa UNDP, shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa, wa kuleta teknolojia hizo hospitalini, kwa hiyo si jambo la ndotoni. Kazi ya kijana hapa ni kupunguza kinachofika tanurini (rudi kwenye swali la kupima) na kuuliza kwenye kamati otoklevu itaingia bajeti ya mwaka gani.

Glavu zinatumika ovyo. Tunaweza kusema?

Mnaweza, kwa adabu na kwa hoja. Glavu huvaliwa hata kugawa vidonge na kupima presha, ambako hazihitajiki. Kwa sindano ya kawaida ya chanjo kwenye ngozi isiyo na jeraha, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani haudai glavu, unadai mikono safi. Hospitali ya watoto ya Great Ormond Street, London, ilianzisha kampeni ya namna hii mwaka 2018 ikiongozwa na wauguzi, na katika mwaka mmoja ikapunguza tani 21 za plastiki.

Lakini angalieni bomba kwanza. Nesi asiye na maji ya kunawa atavaa glavu, na mimi ningevaa.

Chupa za dripu zinaweza kurejelezwa?

Chupa ya maji ya dripu ambayo haijachanganywa na dawa hatari wala kuguswa na damu, ikitenganishwa na mrija wake, inaweza kuuzwa kwa warejelezaji, kamati ya maambukizi ikikubali na mnunuzi akiwa na kibali. Ikatwe au itobolewe kabla ya kutoka getini, isije ikatumika kuuzia watu mafuta ya kula. Kila kilichogusa damu kinabaki kwenye mfuko wake.

## Umeme, dawa na jiko

Nimesomea umeme VETA (chuo cha ufundi stadi). Nitasaidia nini?

Pengine wewe ndiye tunayekutafuta zaidi. Ripoti ya mwaka 2023 ya Shirika la Afya Duniani na washirika wake ilieleza kuwa karibu watu bilioni moja katika nchi za kipato cha chini na cha chini-kati wanategemea vituo visivyo na umeme wa uhakika au visivyo na umeme kabisa. Sola zimefungwa zahanati nyingi, kisha betri zikafa kwa kukosa mtu wa kuzikagua.

Kaa na kituo kimoja. Futa vumbi kwenye paneli asubuhi kabla ya jua kali, kagua nyaya na betri, andika hali yake kila mwezi, badilisha balbu za zamani. Angalia nani kachomeka nini. Umeme wa sola uliofungwa kwa ajili ya friji ya chanjo, inayotakiwa kubaki kati ya nyuzi 2 na 8, si wa kuchajia simu za kituo kizima. Nimeona soketi moja ikiwa na chaja saba.

Dawa zilizopitwa na muda nyumbani tuzifanyeje?

Zisitupwe chooni wala mtoni, na zisichomwe jikoni. Muulizeni mfamasia wa kituo kama anazipokea, maana uteketezaji wa dawa Tanzania unasimamiwa na TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba. Ndani ya stoo kijana anaweza kusaidia kupanga: kinachokwisha muda mapema kikae mbele.

Nimesoma kwamba gesi za usingizi na inhela zinaongeza joto la dunia. Ni kweli?

Ni kweli. Desflureni, gesi ya usingizi, ina nguvu ya kuongeza joto inayozidi ile ya hewa ya ukaa mara elfu mbili na zaidi. Scotland iliacha kuitumia mwaka 2023, na Umoja wa Ulaya ukaizuia kuanzia Januari 2026 isipokuwa pale ambapo hakuna njia nyingine ya kitabibu. Hospitali zetu nyingi za wilaya hazijawahi kuitumia.

Kuhusu inhela, tafadhali sana: asiwepo kijana wa kumwambia mwenye pumu aache dawa yake. Shida yetu ni wagonjwa wasiopata inhela kabisa.

Na kuni za jikoni?

Serikali ya Tanzania imeziagiza taasisi zinazolisha zaidi ya watu 100 kwa siku ziachane na kuni na mkaa, na mkakati wa nishati safi ya kupikia wa 2024 hadi 2034 unalenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati hiyo. Ulizeni jiko la hospitali yenu limefika wapi. Msiwasahau ndugu wa wagonjwa wanaopika kwa mafiga nyuma ya uzio: wakipata jiko la pamoja la gesi wataacha wenyewe.

Tumekuta vipimajoto vya zebaki kabatini.

Msiviguse. Mkataba wa Minamata uliweka 2020 kuwa mwisho wa kutengeneza na kuingiza vifaa hivyo, lakini vya zamani vipo. Kimoja kikivunjika, fungueni madirisha, toeni watoto, msifagie. Matone yasogezwe pamoja kwa karatasi ngumu na kuingizwa kwenye chupa yenye kifuniko, kisha aitwe afisa afya.

## Pale mambo yanapokuwa magumu

Mganga mfawidhi hataki kutusikia.

Huenda anahofia kuongezewa kazi au kuaibishwa. Nendeni na kitu ambacho tayari yuko nacho. Hospitali nyingi za Tanzania zina mfumo wa 5S, wa kupanga na kusafisha mahali pa kazi kwa hatua tano, ulioanza Mbeya mwaka 2007, na kwa Kiswahili tunausema sasambua, seti, safisha, sanifisha, shikilia. Mkisema "tunataka kusaidia kwenye sasambua na seti za taka", mnaongea lugha anayoripotia yeye. Bado akikataa, pitieni kwa mjumbe wenu wa kamati, kisha mganga mkuu wa wilaya. Mitandaoni iwe mwisho kabisa.

Tutalipwa?

Kujitolea kusiwe kisingizio cha kupata vibarua wa bure. Nauli, chakula cha mchana, vifaa vya kujikinga na barua ya utambulisho ni haki ya kudai kabla ya kuanza. Mkitaka biashara halali, kwa mfano kushona mifuko ya kubebea dawa au kukusanya karatasi na maboksi, kuna mikopo ya halmashauri, ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ambamo asilimia 4 ni ya vijana. Huo ni mkopo, unarudishwa. Taka hatarishi msizifanyie biashara bila kibali cha mazingira.

Tumeona sindano zimetupwa mtoni. Tupige picha tuzirushe?

Pigeni picha ya eneo, lakini isionyeshe sura ya mtu, jina la mgonjwa au karatasi ya vipimo. Zuieni watoto, wekeni alama, msiokote. Mpigieni afisa afya wa kata na mwenyekiti wa mtaa siku hiyohiyo. Wasipofika, andikieni NEMC, baraza la mazingira la taifa, au NEMA kama mko Kenya. Picha inayosambaa kabla ya taarifa humfanya mhusika ahamishe ushahidi usiku.

Kituo chetu kiko bondeni. Mafuriko yakija?

Kazi hii ifanywe kabla ya masika. Tembeeni na afisa afya mkiwa na daftari: shimo la kondo la nyuma liko umbali gani kutoka kisima, mfuniko wake umepasuka, maji ya mwaka jana yalifika mstari gani ukutani. Wazee wa eneo watawaonyesha huo mstari vizuri kuliko ramani. Chumba cha taka kiinuliwe au kihamishwe, na sefti boksi zilizojaa zisilale kituoni mvua zikitangazwa. Shimo likifurika, kisima kinaingiliwa, na kipindupindu hufuata.

Mwenyekiti wa kikundi chetu amepata ajira mkoa mwingine na kazi imesimama.

Hutokea kila mwaka, hasa kwa wanafunzi. Daftari la mizani likae kwenye kabati la afisa afya, lisitembee kwenye begi la mwenyekiti. Kila jukumu liwe na watu wawili, mmoja akiwa bado ana mwaka au zaidi eneo hilo. Na kama yote yameshasimama, msianze na uchaguzi wala katiba mpya. Tafuteni mizani ilipo, mwone mbeba taka, muulizeni zamu yake inaanza saa ngapi kesho.